Mkono Nilioinua Badala ya Kukimbia

Furaha, naanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyesema. Jumamosi iliyopita, pale uwanjani Rågsved, hapa Stockholm, tulipokuwa tunakusanya koni, mwanangu Rehema alikuuliza kwa nini mama yake haonekani tena kwenye televisheni akicheza mpira. Ukacheka, ukamjibu kwa Kiswidi: "Ni kwa ajili yako, mrembo. Ulizaliwa, mama akaacha." Ulikuwa unatania, najua. Lakini mtoto wa miaka minne hana pa kuuweka utani wa namna hiyo. Tulipanda treni, na tulipofika kituo cha Gullmarsplan akaniuliza: je, akirudi tumboni, nitacheza tena?

Nimekasirika. Sikufoka siku ile kwa sababu nilikuwa sijajua bado namkasirikia nani. Sasa najua, na nitafika huko. Haya nawaandikia nyote kumi na wanne ninaowafundisha mpira, wa Jakobsberg, wa Upplands Väsby na ninyi wa hapo hapo Rågsved. Msiyatie kwenye simu iwafasirie. Neno likiwashinda muulizeni mama nyumbani, atafurahi kuulizwa kitu.

Mnaniita Dada Salma na mnadhani nilizaliwa na filimbi mdomoni. Nilikuwa beki wa kati, kazi ya kulipwa, miaka tisa. Nimezaliwa Tanga, nikapelekwa Minneapolis nikiwa na miaka minane, pasipoti yangu ni ya Marekani. Magazeti ya hapa yaliniita "beki Mmarekani" kila niliposhinda mpira. Nikifungisha goli, walikumbuka ghafla kwamba nimezaliwa Afrika. Shule nimeishia sekondari. Wenzangu waliingia vyuo vikuu wakachezea huko, mimi nilipata timu Stockholm nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaja na begi moja na koti la mvua. Koti la mvua, mwezi wa pili. Mzibe midomo mkimaliza kucheka.

Mtu wa kwanza kunifundisha kazi alikuwa golikipa wetu, Annika. Mswidi wa kaskazini, amenizidi miaka kumi na mitatu, mikono kama masinia. Sasa sikilizeni tatizo langu. Beki wa kati anaona uwanja wote isipokuwa mgongo wake, na golikipa ndiye mgongo wake, kwa hiyo hao wawili lazima waamrishane muda wote: toka, baki, wangu, wako. Mimi nimelelewa na Mama. Kwa Mama, mkubwa haamrishwi. Mkubwa anasubiriwa amalize.

Mechi yangu ya kwanza mpira ulidunda katikati yangu na Annika. Ilinipasa nipige kelele, "Wangu!" Nikasubiri aseme yeye kwanza, kama unavyosubiri mgeni anawe mikono kabla yako. Naye akanisubiri mimi. Mshambuliaji hakusubiri mtu.

"Ulikuwa unafanya nini?" Annika aliniuliza, mpira ukiwa bado unazunguka kwenye nyavu.

"Nilikuwa nakuheshimu."

Akafikiri. Waswidi wakiwaza wanawaza kweli, hawajazi nafasi kwa maneno. "Niheshimu kwenye kahawa," akasema. "Hapa nifokee."

Kesho yake alinibakiza baada ya mazoezi, akakaa chini kwenye nyasi, akanitaka nimfokee. Nusu saa nzima. Simama! Kaa! Funga kamba! Toka nje ya boksi! Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mwishoni mtunza uwanja alitoka kuja kuamua ugomvi.

Ninyi mna ugonjwa ule ule, lakini nusu. Mkiwa na Waswidi mnafoka vizuri sana. Akitokea binti aliyewazidi umri, ambaye mama yake na mama yako wanakaa pamoja kwenye mikutano ya Watanzania, mnakuwa mabubu. Mama yake Furaha alinijia mwezi uliopita na Kiswahili chake cha Bukavu: "Kocha, pardon, unamufundisha mutoto wangu kufokea wakubwa?" Nikamwambia ndiyo, mama, mpaka filimbi ya mwisho. Akiendelea baada ya hapo, nipigie simu nitakuja mwenyewe.

Mambo mengine madogo, kabla sijasahau. Msitazame miguu ya mshambuliaji, miguu inasema uongo. Tazameni kiuno. Kiuno hakijui kudanganya, kinakwenda kinakokwenda. Msisimame mbele yake kama ukuta. Simameni upande, kama unavyompisha mtu mlangoni mwa treni huku hutaki kweli apite. Machi nyasi bandia zina barafu chini yake: kuvaa soksi mbili mguu mmoja ni kosa, kiatu kinabana na damu haipiti. Soksi moja ya sufu, na mafuta ya mgando usoni. Siku hizi wachezaji wa kulipwa wanavaa kifaa mgongoni, ndani ya kisibau, kinapima umekimbia kiasi gani. Siku zangu za mwanzo kocha alipima kwa macho, na macho yake yalikuwa makali kuliko kile kifaa. Kifaa nilijifunza kukidanganya ndani ya wiki moja. Mpira ukitoka nje unakimbia kwenda kuuchukua. Kinakuandikia mbio, hakijui ni za nini.

Sheria moja ndiyo nawapa bila utani, kwa sababu habari yote iko humo. Mtazameni mwenye mpira. Akiwa amebanwa na kichwa kiko chini, mstari mzima wa mabeki unapanda mbele pamoja, na mshambuliaji anabaki nyuma yenu ameotea, goli lake halihesabiki. Akiwa huru, kichwa juu, ana nafasi ya kupiga pasi ndefu, mstari unashuka. Mnageuka na kukimbia kuelekea golini kwenu. Hapo hakuna ujanja wala mtego, ni mbio tu. Anayetoa amri ya kupanda au kushuka ni beki wa kati. Wengine wanatii.

Na mkono. Mmewaona mabeki kwenye televisheni wakiinua mkono kumwonyesha mshika kibendera kwamba mtu ameotea. Annika aliuchukia mkono huo. "Ukiinua mkono unapunguza mwendo," alikuwa akisema, "na refa hajawahi kukushukuru." Miaka minane sikuinua.

Rehema alizaliwa Januari. Mama akaja kutoka Minneapolis na masanduku mawili, moja la nguo zake, moja la kanga, pilipili manga na tangawizi. Akanifanyia arobaini kamili kwenye ghorofa ya tatu, Jakobsberg. Asubuhi na jioni ananikanda kwa maji ya moto, ananifunga tumbo kwa kanga mpaka nashindwa kucheka, ananinywesha uji wa pilipili. Kanga alizifua kila siku. Sasa, chumba cha kufulia cha jengo letu kina zamu, na zamu hapa ni dini. Mama aliingia kwenye zamu ya mtu. Jirani akabandika karatasi ya hasira mlangoni. Mama akaandika jibu chini yake kwa Kiswahili, ukurasa mzima. Hakuna aliyelielewa na vita vikaisha. Baada ya hapo alifulia bafuni akaanika roshani, Februari. Kanga zikaganda zikawa mbao. Mtaalamu wa viungo wa klabu alipokuja kunitazama, alikuta mbao mbili zimesimama pale nje zikiwa na maua na maandishi, akauliza kama ni sanaa.

"Atembee kidogo kidogo kila siku," yule mtaalamu alisema, nami nikamfasiria Mama.

"Atatembea. Kutoka kitandani mpaka bafuni."

Nilifasiri nusu. Lakini kuna jambo moja walikubaliana bila kujua. Wote wawili waliniambia nisikimbie mpaka mwili useme uko tayari, na wote wawili waliniamini kwamba mwili ukisema hauko tayari, nitawaambia.

Siku ya arobaini na mbili nilimpeleka mtoto klabuni wamwone. Wakampokezana, wakalia, wakapiga picha. Kwenye ndoano yangu, pale nilipotundika koti langu miaka yote ile, palikuwa na koti la mtu mwingine. Beki mpya, msichana mzuri tu, sina neno naye. Kocha akaniambia, "Chukua muda wako." Hakuna aliyenisukuma. Huku hawakusukumi. Wanakupisha vizuri sana mpaka unajikuta uko nje.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba Machi naanza mazoezi.

"Wewe umezaa au umetoka sokoni?"

"Mama, nafasi yangu inachukuliwa."

"Nafasi gani? Ya kutundika koti?"

Baba Rehema alijaribu kusema kitu, sote wawili tukamtazama, akaondoka kwenda kwenye basi analoendesha, saa nzima kabla ya zamu yake.

Nilikuwa naumwa. Hapa mbele, kwenye kinena, pale mifupa ya nyonga inapokutana. Nikienda mbele moja kwa moja, sisikii kitu. Nikigeuka ghafla kukimbia nyuma, ni kama bawaba ya mlango imechomoka. Aprili mtaalamu wa viungo alinipima: ruka kwa mguu mmoja, panua mguu upande, bana mpira kati ya magoti.

"Unaumwa?"

"Hapana."

Akaandika hapana. Marekani shuleni tulifundishwa ukiumia unafunga bandeji unaingia. Zamani niliwalaumu walimu wangu wa kule kwa neno lile. Nimeacha. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilijua maana ya swali.

Mei nikaingizwa kucheza, nyumbani, tangu dakika ya kwanza. Kushoto kwangu alikuwa Ebba, beki wa kushoto, miaka kumi na tisa, mtoto wa shamba, ana mbio za ajabu na anakuuliza kila kitu. Nilimpenda. Saa nzima mambo yalikwenda, kwa sababu mpira ulikuwa mbele yetu. Kisha kiungo wao akapata mpira katikati, hakuna mtu karibu naye, kichwa juu.

Mnajua amri gani ilitakiwa. Nimewaambia hapo juu.

Ebba alikuwa ameshaanza kushuka, bila kuambiwa, sawasawa kabisa. Na mimi nikajua nikigeuka bawaba itachomoka. Nikafoka, "Upp!" Yaani pandeni. Wawili wakapanda pamoja nami. Ebba akasita, akageuza, akachelewa nusu hatua. Pasi ikapita juu ya vichwa vyetu, na kwa ile nusu hatua mshambuliaji hakuwa ameotea. Nikainua mkono. Nikasimama pale nimeinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu, nikamtazama mshika kibendera, na nyuma yangu nikasikia nyavu.

Jumatatu kocha alituonyesha picha za mechi. Akasimamisha pale. "Ebba," akasema, "Salma ameita, wenzako wamepanda, wewe uko wapi?" Kile kifaa cha mgongoni kilionyesha kwamba pale sikurudi nyuma hata hatua moja, na kocha akalisifu hilo: niliuamini mstari. Ebba akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yake. Nilinyamaza.

Akakalishwa benchi. Mechi ya kwanza, na ya pili.

Annika alinijia kwenye chumba cha kahawa na vikombe viwili. Akakaa. "Hapa ni kwenye kahawa, kwa hiyo nitakuheshimu," akasema. "Hukuinua mkono kwa sababu mshambuliaji ameotea. Uliinua kwa sababu huwezi kugeuka."

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Hilo ni swali baya, Salma." Akanywa kahawa yake yote, akaosha kikombe, akaondoka. Hakumwambia mtu. Aliniachia mimi, na mimi nikaendelea kunyamaza.

Kisha Ebba akaja Jakobsberg. Jumapili mchana, bila kupiga simu kwanza, jambo ambalo Mswidi halifanyi, kwa hiyo nilijua ni zito. Alikuwa na kofia ndogo ya sufu, bibi yake ameifuma kwa ajili ya Rehema. Rehema alikuwa amelala kwenye kochi. Ebba akamvalisha pale pale, taratibu, wala hakuamka. Mama, aliyekuwa bado yuko nasi, akaleta chai ya tangawizi na maandazi. Ebba akashika kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswidi: "Nimekuja kuomba msamaha. Umerudi baada ya kuzaa, mechi yako ya kwanza, na mimi nikakuharibia. Ilinipasa nipande ulipoita."

Mama hajui Kiswidi. Akaniuliza, "Anasemaje mtoto wa watu? Mbona macho yamemjaa?"

"Anaomba radhi."

"Kakukosea nini?"

Hapo, wanangu. Kwa Kiswidi nilikuwa nimenyamaza wiki mbili na ningeweza kunyamaza mwaka. Maneno ya kazini ni ya kazini, unayavua pamoja na viatu. Lakini Mama ameniuliza kwa lugha aliyonifundishia kusema kweli, na nilipofungua mdomo nimtajie kosa la Ebba, sikulipata. Nikamwangalia Mama. Mama aliniangalia kiunoni, si usoni. Akaona.

"Unaumwa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Na huyu amebebeshwa."

"Ndiyo, Mama."

Hakupaza sauti. Alisogeza sahani ya maandazi karibu na Ebba, akasema, "Mwambie. Kabla chai haijapoa."

Nikamwambia Ebba yote: kwamba ilitakiwa tushuke, kwamba yeye peke yake uwanjani ndiye aliyefanya sawa, kwamba niliita vibaya makusudi kwa sababu sikuweza kukimbia, na kwamba nilikaa nyuma yake Jumatatu ile nikamwona anavyoiva masikio.

Akaweka kikombe chini. "Nilijua nilikuwa sahihi," akasema. Kisha, akiinuka, "Halafu nikaacha kujua." Akavaa viatu. Hakunikumbatia na sikutegemea. Lakini kofia hakuichukua.

Jumatatu nilimwambia kocha, na mtaalamu wa viungo, na chumba kizima. Ebba akarudishwa mechi iliyofuata. Anacheza mpaka leo, mmemwona. Hanipigii simu. Mimi nikapelekwa kwa daktari. Akasema ningekuja Machi ningekosa miezi michache, sasa hawezi kuahidi. Nikafanya mazoezi ya kwenye mkeka majira yote ya joto na bawaba haikukaa. Vuli mkataba wangu ukaisha.

Wakaniaga uwanjani, na maua. Mkubwa mmoja wa klabu akashika kipaza sauti akasema Salma amechagua familia. Watu wakapiga makofi kwa upendo. Ni maneno mazuri, hayaumizi mtu, hayamtaji Ebba wala kinena changu. Rehema alikuwa mikononi mwangu. Nikatabasamu, nikainua mkono, nikawapungia watu.

Huo ndio mkono wa pili. Furaha, wewe uliyasema tu maneno niliyoyaacha yapite. Hasira yangu ilikupitia ikiwa njiani kuja kwangu, unisamehe kwa sura niliyokuonyesha pale kwenye koni. Sikuacha kwa ajili ya mtoto. Mtoto alitoka salama, akanyonya, akalala. Mfupa ulilegea, wala si kosa la mtu. Kosa ni lile nililofanya baadaye, nikiwa na akili zangu, watu wawili wakiwa wameniamini kwamba nikiumwa nitasema.

Kwa hiyo kuanzia Jumamosi, kwangu, mkono unainuliwa kwa sababu moja tu: unaumwa. Ukiinuka, mchezo unasimama, hata kama mnakaribia kufunga, hata kama ni Furaha na tunajua anatafuta kupumzika. Hakuna atakayechukua ndoano yako. Tuna ndoano kumi na nne, nimezihesabu, na nimebandika majina. Wa kuotea mwachieni mshika kibendera, analipwa kwa hilo.

Na Rehema atawauliza tena, namjua, haachi kitu. Msimdanganye na msimpambie. Mwambieni hivi, kwa Kiswidi au Kiswahili, vyote anasikia: Mama yako aliumia, akasema haumwi, mwingine akaadhibiwa kwa ajili yake, na bibi yako akamkamata kwa chai. Wewe hukuhusika. Wewe ulikuwa umelala, umevaa kofia.